Safu ya Tatu: Jinsi ya Kujumlisha Jedwali Bila Kumwacha Mtu Nje

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 990,341 katika Kaunti ya Trans Nzoia na watu 1,670,570 katika Kaunti ya Bungoma. Kati yao, watu 28 wa Trans Nzoia na 35 wa Bungoma waliandikwa katika safu ambayo haikuwako katika matokeo ya sensa ya 2009. Hiyo ni safu ya watu huntha, yaani waliozaliwa na maumbile ya jinsia yasiyoangukia moja kwa moja upande wa kiume wala wa kike. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kuwahesabu katika safu yao wenyewe, na kote nchini walikuwa 1,524.

Watu 63 ni wachache katika kaunti mbili zenye zaidi ya watu milioni 2.6. Hata hivyo, wangejaza matatu nne za abiria 14 kutoka Kitale kwenda Webuye, na nusu ya matatu ya tano. Tena ni rahisi sana kuwapoteza. Skripti ya kompyuta iliyoandikwa wakati jedwali lilikuwa na safu mbili tu za jinsia, ya wanaume na ya wanawake, inaweza kulisoma jedwali la 2019 bila kutoa onyo lolote, ikajumlisha safu mbili ilizozizoea na kuandika jibu: 2,660,848. Ukilitazama, jibu hilo halina dalili ya kasoro. Lakini limepungukiwa na watu 63.

Kosa la namna hii halitokani na kutojua kujumlisha. Hutokana na chombo ambacho mwandishi wa skripti alichagua kuhifadhia jumla zake. Makala haya yanaeleza vyombo hivyo, kila kimoja kinafaa wapi, na kinaweza kupoteza nini. Yatamfaa karani anayejumlisha ada za soko, mweka hazina wa chama au wa ushirika, mwanafunzi anayejifunza kuandika programu, na pia mkazi asiyeandika programu yoyote ila hupewa majedwali ya kaunti katika vikao vya kushirikisha umma na angependa kujua maswali ya kuuliza.

Kwa nini jumla ni jambo zito

Idadi ya watu ni hesabu inayogusa mfuko. Ibara ya 217 ya Katiba inalipa Bunge la Seneti kazi ya kuamua, kila baada ya miaka mitano, msingi wa kugawanya mapato ya taifa miongoni mwa kaunti. Katika fomula ya tatu, iliyopitishwa mwaka wa 2020, idadi ya watu ilibeba uzito wa asilimia 18. Katika fomula mbili zilizotangulia ilibeba asilimia 45.

Ndani ya kaunti mambo ni hayo hayo. Trans Nzoia ina wadi 25 na Bungoma ina wadi 45. Karo ya basari, dawa za zahanati, pembejeo na miradi ya maji hupangwa kwa orodha zenye mistari mingi, na mwisho wa kila orodha kuna jumla. Wadi ikikosa kuingia katika jumla, mkazi wake hataona kosa la kompyuta. Ataona tu kwamba wadi jirani imepata na yake haikupata.

Skripti ni nini, na jumla hukaa wapi

Skripti ni maagizo mafupi ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine. Mtu anaweza kuiandika kwa lugha ya Python, ambayo hufundishwa katika vyuo vingi, au kwa chombo cha zamani zaidi kiitwacho awk, kilichobuniwa mwaka wa 1977 na ambacho bado kinatumika. Faida yake ni kwamba kazi ya kujumlisha ikiandikwa mara moja, inaweza kurudiwa kila mwezi bila kuandika upya, na mtu mwingine anaweza kuyasoma maagizo hayo na kuyakagua.

Skripti ya kujumlisha hufanya kazi kama karani mwenye daftari. Husoma mstari wa kwanza wa jedwali, huchukua nambari zilizo katika kila safu, huziongeza kwenye jumla iliyopo, kisha huenda kwenye mstari unaofuata. Swali ni hili: wakati kazi inaendelea, jumla hizo zimeandikwa wapi, na karani anajuaje nambari hii ni ya jumla ipi?

Mahali hapo ndipo panapoitwa muundo wa data. Kwa kazi ya jedwali, kuna miundo minne ya kuchagua.

Kwanza: visanduku vyenye majina

Njia ambayo wanaoanza huitumia sana ni kufungua kisanduku kimoja kwa kila safu. Kimoja huitwa jumla ya wanaume, kingine jumla ya wanawake. Kila mstari unaposomwa, nambari mbili huongezwa katika visanduku viwili.

Njia hii inasomeka vizuri na haina ubaya wowote kwa jedwali lenye safu mbili zisizobadilika. Udhaifu wake ni kwamba visanduku hufunguliwa na binadamu, mapema, kabla ya jedwali kusomwa. Safu ya tatu ikija, haina kisanduku. Skripti haitasimama, wala haitauliza. Itaendelea na safu mbili inazozijua.

Pili: orodha

Orodha ni msururu wa nafasi zilizopangwa: nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Badala ya visanduku vyenye majina, skripti hushika orodha moja ya jumla, na kila safu ya jedwali huongezwa katika nafasi yake. Safu zikiwa kumi au arobaini, orodha ni ile ile moja, na maagizo hayaongezeki.

Orodha hufaa pale ambapo mpangilio wenyewe ndio maana. Ada za soko za Januari hadi Desemba ni mfano mzuri: mwezi wa tatu ni Machi leo na hata mwaka ujao. Hufaa pia mtu anapotaka kuiweka mistari yote kama ilivyo, ili aweze kurudi na kuonyesha jumla ilitoka wapi.

Orodha huharibika pale mpangilio unapobadilika. Haijui kwamba nafasi ya pili ni ya wanawake. Inajua tu kwamba ni ya pili. Mtu akiongeza safu mpya katikati ya lahajedwali, kwa mfano safu ya msimbo wa wadi, kila kitu kilicho kulia kwake kinasogea hatua moja. Skripti itaendelea kujumlisha nafasi ya pili, ambayo sasa ni kitu kingine kabisa.

Tatu: kamusi

Kamusi, kwa lugha ya programu, ni chombo kinachohifadhi vitu kwa majina badala ya nafasi. Jina huitwa ufunguo, na kilicho chini ya jina hilo huitwa thamani. Mtu hutafuta neno katika kamusi ya vitabu kwa kulifuata neno lenyewe, hahitaji kujua ni la ngapi. Hapa pia, skripti huuliza "Wanawake" na kupewa jumla ya wanawake, hata kama safu hiyo imehamishwa kutoka kushoto kwenda kulia.

Katika Python, moyo wa kazi yote ni mstari mmoja:

jumla[safu] = jumla.get(safu, 0) + idadi

Maana yake ni hii: chukua jumla iliyoandikwa chini ya jina la safu hii, ikiwa jina hilo bado halijaandikwa, anza na sifuri, kisha ongeza idadi iliyosomwa sasa. Sehemu ya katikati ndiyo inayookoa. Safu ya huntha inapotokea kwa mara ya kwanza, kamusi huifungulia nafasi yenyewe. Hakuna aliyehitaji kukumbuka mapema kwamba safu hiyo ingekuja.

Kamusi ni nyepesi pia. Tuseme, kwa mfano tu, kuna faili yenye mistari milioni moja ya stakabadhi za ada kutoka wadi zote 70 za kaunti hizi mbili. Aliyechagua orodha ya majina ya wadi atalazimika, kwa kila stakabadhi, kupitia majina moja baada ya jingine hadi alipate lile analotaka, pengine mara 70. Hiyo inaweza kufika milinganisho milioni 70. Kamusi huenda moja kwa moja kwenye jina, kwa sababu hulibadilisha jina kuwa nambari inayoonyesha mahali lilipowekwa. Kwa kuwa hubaki na jumla 70 tu huku kila mstari ukisomwa na kuachwa, hata kompyuta ndogo ya ofisi ya wadi inaweza kumaliza kazi hiyo.

Nne: seti

Seti ni mkusanyiko wa majina usioruhusu jina moja kuingia mara mbili. Haijumlishi chochote. Hujibu swali moja: jina hili limo au halimo?

Swali hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Katika orodha ya waombaji basari, seti ya nambari za usajili wa wanafunzi huonyesha mara moja kama mwanafunzi mmoja ameandikwa mara mbili. Na katika jedwali la wadi, seti ya majina rasmi hufanya kazi ya mlinzi wa lango, kama itakavyoonekana hapa chini.

Mitego ya majina ya nyumbani

Kamusi huamini jina inalopewa. Jina likiandikwa tofauti, hata kwa herufi moja, kwake ni kitu kipya, na hukifungulia nafasi mpya bila kulalamika. Nguvu iliyoiokoa safu ya huntha ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuigawa wadi moja vipande viwili.

Majina ya eneo hili yana mitego yake. Katika eneobunge la Kanduyi kuna wadi za East Sang'alo na West Sang'alo. Alama ya ritifaa iliyo katikati ya jina inaweza kuchapwa ikiwa imenyooka au ikiwa imepinda, kutegemea simu au kompyuta iliyotumika. Kwa macho ya binadamu ni jina lile lile. Kwa kamusi ni wadi mbili, kila moja ikiwa na sehemu ya jumla. Wadi ya Marakaru/Tuuti inaweza kuandikwa Tuuti/Marakaru. Cherangany/Suwerwa inaweza kuandikwa kwa nafasi kabla ya mkwaju au bila nafasi. Neno Matisi lililochapwa na nafasi tupu mwishoni si sawa na Matisi lisilo na nafasi hiyo.

Mtego mwingine ni kinyume cha huo: vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Kiminini ni eneobunge na pia ni wadi ndani ya eneobunge hilo. Ndivyo zilivyo Kwanza, Endebess na Saboti, na upande wa Bungoma ndivyo zilivyo Bumula na Tongaren. Kukiwa na jedwali lenye mistari ya wadi pamoja na mistari ya jumla za maeneobunge, kamusi inayotumia jina pekee kama ufunguo itaichukua jumla ya eneobunge zima la Kiminini na kuiongeza juu ya wadi ya Kiminini. Wadi moja itaonekana imepokea mgao wa wadi saba: yake mara mbili, pamoja na wa Waitaluk, Sirende, Hospital, Sikhendu na Nabiswa.

Dawa ni kutumia ufunguo wenye sehemu zaidi ya moja: kaunti, eneobunge na wadi pamoja. Python huruhusu majina matatu kufungwa pamoja yawe ufunguo mmoja, mradi fungu hilo ni la aina isiyobadilika baada ya kuundwa. Orodha ya kawaida, kwa kuwa inaweza kubadilishwa wakati wowote, haikubaliwi kuwa ufunguo.

Dawa nyingine ni kutumia misimbo rasmi. Trans Nzoia ni kaunti nambari 026 na Bungoma ni 039. Hapa kuna tahadhari moja: misimbo hiyo ihifadhiwe kama maandishi, isihifadhiwe kama nambari za hesabu. Lahajedwali likiichukua 026 kama nambari, hukata sifuri ya mbele na kubaki na 26, na jedwali jingine lililoandikwa 026 halitalingana nalo tena. Nambari za simu zinazoanza na sifuri hupatwa na balaa hiyo hiyo.

Mlinzi wa lango

Hapa ndipo seti inapofanya kazi pamoja na kamusi. Kabla ya kujumlisha, skripti hupewa seti ya majina rasmi ya wadi: 25 za Trans Nzoia, 45 za Bungoma. Kila mstari unaosomwa, jina lake huulizwa kwanza katika seti. Likiwa halimo, skripti husimama au huuweka mstari huo pembeni ili mtu auangalie. Hivyo jina lililochapwa vibaya halifungui wadi ya uongo.

Kazi ikiisha, swali hugeuzwa: ni majina gani yamo katika seti lakini hayamo katika kamusi ya jumla? Hizo ndizo wadi ambazo hazikuleta taarifa. Hili ni jambo ambalo visanduku na orodha huficha kwa urahisi. Wadi iliyoleta taarifa ya sifuri na wadi ambayo haikuleta taarifa yoyote si kitu kimoja. Ya kwanza haikukusanya ada. Ya pili huenda ilikusanya, na faili yake haikufika. Ripoti inayoandika sifuri kwa zote mbili inaidhulumu moja kati yazo.

Jumla isijumlishwe tena

Jedwali la sensa lina safu ya wanaume, ya wanawake, ya huntha, na ya mwisho iitwayo Jumla. Kamusi, kwa ukarimu wake, huifungulia nafasi safu hiyo ya mwisho kama nyingine yoyote. Mwandishi akijumlisha nafasi zote za kamusi kupata idadi ya watu, atapata 5,321,822, yaani kila mkazi wa kaunti hizi mbili mara mbili.

Kwa hiyo skripti iambiwe waziwazi safu zipi ni sehemu na safu ipi ni jumla. Safu ya jumla isiingie katika hesabu. Itumiwe kukagua hesabu, kama ifuatavyo.

Trans Nzoia: wanaume 489,107, wanawake 501,206, huntha 28. Jumla iliyochapishwa ni 990,341.

Bungoma: wanaume 812,146, wanawake 858,389, huntha 35. Jumla iliyochapishwa ni 1,670,570.

Kwa kuteremka chini ya kila safu: wanaume 1,301,253, wanawake 1,359,595, huntha 63. Ukiziongeza tatu hizo unapata 2,660,911. Kwa kuongeza jumla mbili zilizochapishwa, 990,341 na 1,670,570, unapata 2,660,911 pia. Njia mbili zimekutana. Skripti iliyoisahau safu ya tatu ingeonyesha pengo la 63 hapo hapo, na mwandishi angejua pa kutafuta. Ukaguzi huu ni wa mstari mmoja wa maagizo, na mkazi mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuufanya pia.

Nambari zisizo nambari

Kabla ya kitu chochote kuingia katika kamusi, kuna kazi ya kusafisha. Idadi kama 489,107 imeandikwa kwa mkato ili isomeke. Lakini faili ya CSV hutumia mkato huo huo kutenganisha safu. Mtu akiigawa mistari kwa mikato bila kuangalia alama za kunukuu, 489,107 hugeuka kuwa safu mbili: 489 na 107. Python ina moduli ya kusoma CSV inayoheshimu alama hizo, na ni salama zaidi kuitumia kuliko kukata mistari kwa mkono. Baadaye mkato uliobaki ndani ya nambari huondolewa.

Katika majedwali mengi kistari huwekwa mahali pa sifuri, na nafasi huachwa tupu mahali ambapo habari haikupatikana. Skripti isivichukue viwili hivyo kuwa kitu kimoja.

Fedha nazo zina lake. Kompyuta huhifadhi desimali kwa makadirio: ukiiambia Python iongeze 0.1 na 0.2, itajibu 0.30000000000000004. Kwa stakabadhi moja hilo halina athari, lakini kwa maelfu ya stakabadhi linaweza kuzifanya hesabu mbili zikatae kulingana kwa senti chache. Njia rahisi ni kuhifadhi kila kiasi kwa senti, kama nambari kamili, na kugawanya kwa 100 mwishoni tu, wakati wa kuchapisha ripoti.

Faili ikijaa, isikae kimya

Mwaka wa 2020, wakati wa janga la Covid-19, Uingereza ilipata funzo ambalo halijasahaulika. Visa 15,841 vya maambukizi vilivyogunduliwa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 havikuingia katika takwimu za kila siku. Sababu ilikuwa aina ya zamani ya faili ya Excel, ambayo haiwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi haikuingia. Waliogunduliwa walijulishwa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ilichelewa.

Aina mpya ya faili ya Excel hubeba mistari 1,048,576, lakini nayo ina mwisho. Skripti inayosoma mstari mmoja mmoja haina mpaka huo. Hata hivyo, kila skripti ihesabu mistari iliyosoma, iliyojumlisha na iliyoweka pembeni, na kuandika idadi hizo tatu chini ya ripoti. Iliyojumlishwa na iliyowekwa pembeni zikiongezwa, lazima ziwe sawa na iliyosomwa.

Mtu aliye nyuma ya nambari

Kuhesabu kila mtu hakumaanishi kumtangaza kila mtu. Idadi ya watu huntha 28 katika kaunti nzima haimtambulishi yeyote. Idadi ya mtu mmoja katika kijiji kimoja inaweza kumtambulisha. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inawawajibisha wanaoshughulikia taarifa za watu binafsi. Kwa hiyo anayejumlisha orodha yenye majina, nambari za vitambulisho au hali za kiafya achapishe jumla na kuyaacha majina ofisini. Na pale ambapo jumla yenyewe ni ndogo mno, ipandishwe ngazi: kutoka kijiji hadi wadi, au kutoka wadi hadi kaunti.

Mkazi aulize nini

Asiyeandika skripti bado anaweza kuikagua ripoti kwa maswali manne. Safu zote za jedwali zimejumlishwa, au baadhi zimeachwa? Wadi zote zimetajwa, na ile isiyoleta taarifa imeonyeshwa hivyo au imepewa sifuri? Jumla ya kushuka na jumla ya kwenda kando zinakutana? Mistari mingapi ilisomwa, na mingapi iliwekwa pembeni?

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka wa 2016 inaeleza utaratibu. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na afisa anayehusika anatakiwa kutoa uamuzi katika muda usiozidi siku 21. Anayeomba jedwali anaweza kueleza katika barua yake kwamba angependa kupewa faili ya lahajedwali au ya CSV badala ya picha ya karatasi, ili nambari ziweze kujumlishwa upya bila kuchapwa tena kwa mkono.

Kwa anayeandika skripti, muhtasari ni mfupi. Mpangilio ukiwa ndio maana, tumia orodha. Jina likiwa ndio maana, tumia kamusi. Swali likiwa kama kitu kimo au hakimo, tumia seti. Na kabla ya kutia sahihi ripoti, linganisha jumla yako na ile iliyochapishwa. Pengo likiwa 63, usiseme ni dogo. Tafuta ni safu ipi haikusomwa.